Koltani ya Masisi, kasiterite ya Walikale: asilimia inayoamua bei inatoka wapi?

Gunia la koltani likitoka Rubaya, wilayani Masisi, haliuzwi kwa kilo peke yake. Mnunuzi mwenye uwezo anachota mchanga mweusi kidogo, anauelekezea mashine ya mkononi yenye umbo la bastola, na baada ya muda mfupi tarakimu inatokea kwenye skrini: 18, au 24, au 31. Hiyo ni asilimia, na asilimia ndiyo bei. Aliyechimba, aliyebeba na aliyeosha wanaitazama bila kujua imetoka wapi, na mara nyingi bila njia ya kuipinga.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba siku hiyo mnunuzi analipa dola 1 kwa kila asilimia moja ya kila kilo. Kilo 50 zenye asilimia 30 zitaleta dola 1500. Kilo hizo hizo zikisomwa 25, zitaleta dola 1250. Gunia halikubadilika, mlima haukubadilika, lakini dola 250 zimeondoka. Kwa jamaa moja ya Masisi hiyo ni pesa ya kula na ya minervali ya watoto.

Nyuma ya tarakimu hiyo kuna somo ambalo watoto wa Kongo wanakutana nalo sekondari, kwa Kifaransa, ubaoni, mara nyingi bila maabara: kemia, au shimi kama wanafunzi wanavyosema. Ni wilaya chache duniani zenye sababu ya kulijua kuliko Masisi na Walikale. Kwa makadirio yanayotajwa katika ripoti za Umoja wa Mataifa, Rubaya peke yake inatoa kama asilimia 15 ya tantali yote ya dunia. Kundi la M23 liliteka mji huo mdogo mwisho wa mwezi wa nne 2024. Upande wa Walikale, mgodi wa Bisie wa kampuni ya Alphamin ulitoa zaidi ya tani elfu 17 za bati mwaka 2024. Mwezi wa tatu 2025 kazi zilisimama pale vita vilipokaribia, kisha zikaanza tena polepole mwezi wa nne.

Dunia nzima inajua majina ya milima hii. Kilicho ndani ya jiwe lenyewe kinajulikana zaidi na wale wanaolinunua kuliko wale wanaolitoa.

Asilimia ya nini?

Swali la kwanza la kemia ni hilo: kitu hiki kimeundwa na nini? Koltani si kitu kimoja. Jina lenyewe ni kifupi cha majina mawili ya mawe, kolumbite na tantalite. Ndani yake mna elementi tano kubwa: chuma, manganisi, niobi, tantali na oksijeni. Elementi ni kitu ambacho kemia haiwezi kukivunja tena kikawa vitu vingine. Kila elementi ina aina yake ya atomi, na kila atomi ina namba yake: oksijeni ni 8, chuma 26, niobi 41, bati 50, tantali 73. Namba hizo hazibadiliki, iwe Masisi, iwe Beijing.

Niobi na tantali ni kama mapacha. Atomi zao zinakaribia kulingana kwa ukubwa, kwa hiyo ndani ya jiwe moja moja inaweza kukaa mahali pa mwenzake. Ndiyo sababu koltani ya shimo moja ina tantali nyingi na ya shimo la jirani ina niobi nyingi, na macho hayawezi kutofautisha. Lakini atomi ya tantali ina uzito karibu mara mbili ya atomi ya niobi. Jiwe likiwa na tantali nyingi linakuwa zito zaidi kwa ukubwa uleule. Wachimbaji wengi wanalijua jambo hilo kwa mkono kabla ya kulijua kwa kitabu: wanalipima jiwe kiganjani, wanalirusha kidogo, wanasema hili ni zuri.

Mnunuzi anatafuta tantali. Chuma kinachoweza kufanana nayo kwa kazi yake ni kichache: inayeyuka kwa joto la digrii 3017, asidi nyingi haziigusi, na ngozi nyembamba ya oksidi yake inawezesha kutengeneza vifaa vidogo sana vya kutunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Katika soko la dunia bei inahesabiwa kwa oksidi ya tantali, ile inayoandikwa Ta2O5, yaani atomi mbili za tantali zilizoshikana na tano za oksijeni. Hapo kuna mtego mdogo. Katika kilo 100 za oksidi hiyo, tantali yenyewe ni kilo 82 tu, zilizobaki ni oksijeni. Mashine iliyopangwa kusoma tantali peke yake ikionyesha 20, oksidi ni zaidi ya 24. Mchimbaji anayeuliza «hii ni Ta au ni Ta2O5?» ameuliza swali la kemia, na pia ameuliza swali la pesa.

Kuosha na kuvunja si kazi moja

Pale kwenye mifereji ya kuoshea, wanaume na vijana wanamwaga maji juu ya udongo mweupe uliotoka shimoni. Udongo laini unaondoka, mchanga mwepesi unafuata, na koltani nyeusi inabaki chini. Hapo hakuna kemia bado. Ni mchanganyiko umetenganishwa, kama mama anavyopepeta mchele: hakuna kilichobadilika kuwa kitu kingine.

Kasiterite ya Walikale inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mtu anaweza kuiosha mwezi mzima kwa maji ya mto mzima, na bado haitakuwa bati. Kasiterite safi ni atomi moja ya bati iliyofungwa na mbili za oksijeni, na maji hayana nguvu ya kufungua fundo hilo. Inatakiwa moto mkali, zaidi ya digrii 1000, na kaboni, ile iliyo ndani ya makala. Kwenye joto hilo oksijeni inaliacha bati na kuifuata kaboni, inatoka kama gesi, na bati linabaki likitiririka. Hapo kitu kimekuwa kingine. Hiyo ndiyo kemia.

Hesabu yake ina uchungu kidogo. Katika kasiterite safi kabisa, bati ni karibu asilimia 79 ya uzito, na oksijeni ni 21. Katika miaka ya 2000, kabla ya mgodi wa kampuni, vijana walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni kutoka Bisie, porini, hadi barabarani ambako ndege ndogo zilitua kuchukua mzigo. Hata kama mzigo ungekuwa safi bila chembe ya mchanga, zaidi ya kilo 10 katika kila gunia zilikuwa oksijeni, elementi ileile waliyokuwa wanaivuta kwa pumzi njiani bila kulipa.

Neno «bati» nalo linadanganya. Mabati ya nyumba za Goma na Sake si bati: ni chuma kilichopakwa zinki. Bati la kweli linayeyuka kwa digrii 232 tu, ndiyo maana mafundi wa redio wanalitumia kushikanisha nyaya. Katika kemia jina la sokoni halitoshi. Kitu kinatambulika kwa tabia zake: kinayeyuka kwa joto gani, kina uzito gani, kinafanya nini kikikutana na asidi.

Mabishano ya miaka 65

Kama mchimbaji wa Rubaya hawezi kutofautisha niobi na tantali kwa macho, asione haya. Wanasayansi wa Ulaya walishindwa kwa zaidi ya miaka 60.

Mwaka 1801, huko London, Charles Hatchett alichunguza jiwe jeusi lililotoka Amerika. Aliona ndani yake elementi isiyojulikana, akaiita kolumbi. Mwaka uliofuata, Anders Ekeberg wa Sweden alipata elementi nyingine katika mawe ya nchi za kaskazini, akaiita tantali. Jina alilitoa katika hadithi ya Wayunani: Tantalus aliadhibiwa kusimama ndani ya maji bila kuweza kuyanywa, na oksidi ya elementi hiyo inakaa ndani ya asidi bila kuinywa.

Mwaka 1809 William Wollaston, mtu mwenye heshima kubwa katika kemia ya Uingereza, aliyalinganisha yale mawe mawili. Alipima uzito wake: moja lilikuwa chini ya mara 6 ya maji, lingine karibu mara 8. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini alipoyatia kwenye asidi na dawa nyingine, aliona yanafanya mambo yaleyale, akatangaza kwamba kolumbi na tantali ni kitu kimoja. Mkubwa alikuwa amesema, na wengi wakaandika hivyo vitabuni. Mizani ilikuwa imetoa ushahidi, lakini haukupewa uzito wake.

Ilikuwa mwaka 1844 ndipo Heinrich Rose, wa Berlin, aliposema hapana, elementi ni mbili. Ya pili aliipa jina la niobi, kutokana na Niobe, binti wa Tantalus. Rose mwenyewe aliteleza: alidhani ameona na ya tatu, akaiita pelopi, ambayo baadaye ilionekana haipo. Miaka ya 1860 Christian Blomstrand na Jean de Marignac wa Geneva walimaliza ubishi. Mwaka 1866 Marignac alionyesha namna ya kuzitenga: ukizifanya chumvi pamoja na fluori na potasi, ya niobi inayeyuka vizuri majini, ya tantali inayeyuka kidogo tu na kubaki chini. Njia hiyo ilikuja kutumika viwandani kwa muda mrefu.

Katika kisa hiki ndimo ilimo njia ya sayansi, kuliko katika mistari mitano ambayo wanafunzi wanaikariri kwa ajili ya mtihani wa serikali. Mtu anauliza. Anatoa dhana. Anatafuta jaribio ambalo linaweza kuivunja dhana yake, si lile la kuipamba tu. Anaandika alichokiona, hata kile kisichompendeza. Kisha mwingine, asiyemjua na asiyemwogopa, anarudia.

Wachimbaji wa mikono wanafanya nusu ya kazi hiyo kila siku. Anayefuata mshipa wa udongo mweupe ndani ya mlima ana dhana: koltani inakaa pamoja na mweupe huu. Akichimba na asikute kitu, anageuza njia. Kinachokosekana ni ile nusu nyingine, daftari na kipimo cha pili.

Ndoo, uzi na mizani

Kipimo alichokidharau Wollaston hakihitaji maabara. Kinatosha kipande kimoja kigumu cha jiwe, si mchanga, pamoja na mizani nzuri ya kuning'iniza, uzi na ndoo ya maji. Jiwe linapimwa likiwa kavu, tuseme gramu 410. Kisha linazamishwa likining'inia kwa uzi, bila kugusa chini wala kando, na mizani inasomwa tena, tuseme gramu 350. Zile 60 zilizopungua ni uzito wa maji yenye ukubwa uleule wa jiwe. Ukigawa 410 kwa 60 unapata 6,8. Jiwe ni zito mara 6,8 kuliko maji.

Kwarzi, lile jiwe jeupe la kawaida, haipiti 2,7. Kasiterite iko kati ya 6,8 na 7,1. Koltani inaanzia kama 5,2 ikiwa na niobi nyingi na kufika 8 na kidogo ikiwa na tantali nyingi. Kwa hiyo jiwe letu la 6,8 si kwarzi, hilo ni hakika. Lakini ni kasiterite au ni koltani ya katikati? Kipimo hiki kimoja hakiwezi kusema, na hapa ndipo watu wengi wanajidanganya, kwa sababu wanachukua jibu wanalolipenda.

Inatakiwa jaribio lingine. Jiwe likikwaruzwa nyuma ya kigae cha sakafu, upande usiong'aa, kasiterite inaacha alama nyeupe au ya kijivu hafifu, na koltani inaacha alama nyeusi au ya kahawia iliyokolea. Sumaku nayo inasaidia: mawe mengine meusi ya chuma yanaruka kuifuata, koltani inavutwa kwa nguvu kidogo tu, kasiterite kwa kawaida haijali. Watafutaji madini wa zamani walikuwa na jaribio jingine la kasiterite, la kuweka punje juu ya zinki ndani ya asidi hafifu ya kloridi: baada ya dakika chache punje inavaa koti la kijivu linalong'aa, bati lenyewe. Hilo si la kufanyia jikoni. Asidi inaunguza, na gesi inayotoka inashika moto.

Majaribio matatu yakikubaliana, jibu lina miguu. Yakipingana, kuna kitu hakijaeleweka, na hapo mtu hana budi kuanza upya.

Mashine inaona nini

Bastola ya mnunuzi haina uchawi, na pia haina huruma. Inatuma miale ya eksi ndani ya mchanga. Mwale ukigonga atomi, unatoa elektroni ya ndani, nyingine inaanguka kujaza pengo, na atomi inarudisha mwale wake wenye nguvu yake maalum. Mwaka 1913 Mwingereza kijana, Henry Moseley, alionyesha kwamba nguvu hiyo inafuata namba ya atomi. Tantali inajibu kama 73, niobi kama 41, na haziwezi kuchanganywa tena. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na miaka 27. Kemia nayo imepoteza watu wake katika vita.

Mashine hiyo inahesabu miale, haijui neno koltani. Inaona ngozi ya juu tu ya kile kilicho mbele yake. Mchanga ukiwa na unyevu, maji yanachukua nafasi na asilimia inashuka. Punje zikiwa kubwa na ndogo bila kusagwa, matokeo yanarukaruka. Na kama haijajaribiwa kwa unga ambao asilimia yake inajulikana tayari, inaweza kukosea siku nzima kwa kujiamini. Hakuna haja ya kudhani kila mnunuzi ni mwizi. Mtu mwaminifu mwenye mashine isiyorekebishwa anaweza kumnyima mchimbaji pesa sawa na mwizi, tofauti ni kwamba yeye analala vizuri.

Kosa kubwa zaidi linatokea kabla ya kuwasha mashine. Kiganja kimoja kutoka juu ya gunia si gunia. Punje nzito zinashuka chini njiani, juu wanabaki wepesi. Wapimaji wanamwaga mzigo wote, wanauchanganya, wanaufanya kilima cha duara, wanaukata robo nne, wanachukua robo mbili zinazotazamana na kuacha mbili, kisha wanarudia mpaka kibaki kiasi kidogo. Kazi hiyo inahitaji koleo, turubai na subira, hakuna umeme wala diploma.

Kuna na sehemu ya kemia inayougusa mwili. Koltani mara nyingi inabeba urani na tori kidogo, elementi zenye mionzi, ndiyo maana mizigo mingine inapimwa mionzi kabla ya kupanda meli. Kulaza magunia ndani ya nyumba ya kulala si jambo zuri. Lakini adui wa karibu zaidi ni vumbi la kwarzi, lile jiwe jeupe ambalo halina bei. Punje zake nyembamba zinakaa kwenye mapafu na kuyakausha polepole, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa. Kulowesha mwamba kabla ya kuutoboa kunapunguza vumbi kuliko kitambaa kilichofungwa mdomoni.

Koltani ikishatoka Kivu, inapita mikono mingi hadi viwanda vya nchi kama China, Kazakhstan, Thailand na Estonia, ambako tantali inatengwa na pacha wake. Huko hakuna anayekubali tarakimu moja. Katika biashara kubwa ya madini, desturi ni kuchukua sampuli mbele ya pande mbili na kuigawa: mfuko mmoja kwa muuzaji, mmoja kwa mnunuzi, na wa tatu unafungwa kwa muhuri na kuwekwa pembeni. Matokeo yakipishana kupita kiasi walichokubaliana, mfuko wa tatu unapelekwa kwenye maabara isiyo ya upande wowote. Wanaofanya hivyo ni makampuni yanayouziana kwa mamilioni, yenye wanasheria. Mchimbaji wa Rubaya, mwenye gunia moja, kwa kawaida anapata kipimo kimoja, kutoka kwenye mashine ya mtu mmoja, ambaye ndiye huyo huyo anayelipa.